Mwewe, Kipanga au Nani? Namna ya Kumtambua Ndege Mbuai wa Mtaani Kwako

Asubuhi moja, Tabata, Dar es Salaam, jirani yangu aligonga geti akiwa na jiwe mkononi. "Njoo umwone mwizi wangu," akaniambia. "Leo hatoki." Juu ya nguzo ya umeme alikuwa ametulia ndege wa kijivu, kifua kipana, ukubwa wa njiwa wa kufugwa. Jirani alikuwa amepoteza vifaranga vitatu wiki ile, na hukumu alikwisha kuipitisha: mwewe.

Nikamwomba dakika mbili tu. Ndege akageuza shingo, na katikati ya koo lake jeupe ukaonekana mstari mmoja mweusi, umeshuka wima kama tai ya mwanafunzi. Kidogo akajiachia kutoka kwenye nguzo, akatua majanini, akapanda tena na mjusi kwenye kucha. Jirani akacheka, akaliweka jiwe lake juu ya ukuta. Mshukiwa alikuwa na tai shingoni, ila hakuwa tai, hakuwa mwewe, na kifaranga hakikuwa chakula anachokifuata.

Mitaani kwetu kila ndege mwenye mdomo wa ndoana ni mwewe, na akiwa mkubwa basi ni tai. Kiswahili kina majina zaidi ya hayo: kipanga, kozi, pungu, furukombe. Tatizo ni kwamba tunayaazimana ovyo, kipanga wa mtu mmoja akawa mwewe wa mwingine. Katika mwongozo huu, mwewe ni yule wa mkia wenye panda. Kipanga ni mwindaji wa mbawa fupi na mkia mrefu. Kozi ni mwenye mbawa zilizochongoka. Wote kwa pamoja ni ndege mbuai, yaani wanaoishi kwa kuwinda au kula nyama.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuanza na rangi. Rangi ni shahidi anayebadilisha maneno yake. Anza na umbo, fuata kazi anayoifanya, kisha ukubwa. Rangi iite mwishoni, ithibitishe tu.

Kwanza: ni mbuai kweli?

Tazama mdomo na miguu. Mbuai ana mdomo mfupi uliopinda kwenda chini na miguu yenye kucha nene za kushikia. Anayetuchanganya sana ni kekeo, yule ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake. Ana mistari kifuani na mkia mrefu kama kipanga, lakini mdomo wake ni mwembamba na miguu yake haina nguvu ya kushika kitu. Nairobi na Kampala kuna pia korongo wakubwa wa majalalani wanaozunguka juu kwenye hewa ya joto. Ukiona miguu mirefu imenyooshwa nyuma kuupita mkia, huyo ni korongo, si tai.

Pili: soma mbawa na mkia

Ndege akiwa angani, kivuli chake peke yake kinatosha kukuambia ni wa ukoo gani. Shika makundi manne.

Mwewe ana mbawa ndefu zilizokunjika kidogo kwenye kiwiko, na mkia wenye panda. Anauzungusha mkia huo kulia na kushoto kama nahodha anayegeuza usukani. Akiutandaza wote panda hupotea, kwa hiyo subiri aukunje.

Kipanga ana mbawa fupi za mviringo na mkia mrefu. Hupiga mbawa haraka mara chache, akateleza kidogo, akapiga tena. Umbo hilo limetengenezwa kwa ajili ya kupenya katikati ya matawi, ndiyo maana utamwona akikatiza uani chini ya usawa wa paa, halafu haonekani tena.

Kozi ana mbawa nyembamba zilizochongoka kama mundu. Hana muda wa kuzubaa. Anakwenda kama aliyetumwa.

Kundi la nne ni wale wa mbawa pana na mkia mfupi, wanaozunguka juu taratibu bila kupiga mbawa. Tai wamo humo, na pia ndege wa vilimani tutakayemtaja mbele.

Tatu: anafanya kazi gani?

Kila mbuai ana ufundi wake, na ufundi ni mgumu kuuigiza. Anayezunguka juu ya jalala, bucha au soko la samaki, akashuka na kunyakua kitu bila kutua, ni mwewe. Ndiye pia anayemnyang'anya mtoto wa shule andazi mkononi. Anayekaa kimya juu ya nguzo akitazama majani chini kwa dakika nyingi anawinda mijusi, panzi au panya. Anayesimama hewani pale pale akipepea mbawa, kichwa kimeinama, anatafuta panya kwenye kiwanja cha wazi. Anayening'inia kwenye viota vya mnana huku mguu mmoja umezama ndani anatafuta makinda.

Wasikilize na ndege wengine. Kunguru wakimfukuza mtu angani kwa kelele, inua macho: mara nyingi kuna mbuai mbele yao. Chiriku na shorewanda wakinyamaza ghafla wote kwa pamoja, kipanga yuko karibu.

Mabaki nayo yana habari. Ukikuta duara la manyoya ya njiwa au tetere chini ya mti, yamenyofolewa moja moja, hiyo ni kazi ya kipanga: humnyonyoa ndege aliyemkamata kabla ya kumla. Mwewe huondoka na mzigo wake, na mara nyingi hula huko huko angani akiwa anaruka.

Nne: mpime kwa ndege unaowajua

Ndege aliye peke yake angani huonekana mkubwa kuliko alivyo, na hofu humwongezea kilo. Tumia vipimo vitatu ulivyonavyo mtaani: tetere, njiwa wa kufugwa na kunguru. Kipanga mdogo kabisa hazidi tetere. Yule wa mstari kooni ni wa ukubwa wa njiwa. Mwewe anamzidi kunguru waziwazi. Mbawa zake zikitandazwa hufika kama mita moja na nusu.

Kumbuka jambo moja linalowapotosha hata wazoefu. Kwa vipanga, jike ni mkubwa kuliko dume, tena kwa mbali. Kipanga mweusi-mweupe wa kiume ana uzito wa kama nusu kilo, na jike lake linaweza kukaribia kilo nzima. Ukiwaona kwenye mti mmoja unaweza kuapa kwamba ni ndege wa aina mbili.

Tano: sasa iite rangi

Rangi hubadilika kwa umri. Vipanga wengi wachanga huwa wa hudhurungi wenye matone kifuani. Wakikomaa, matone yanaiachia nafasi mistari ya kukatiza. Mwanga nao unadanganya: ndege aliye kati yako na jua la saa sita huwa mweusi hata kama ni mweupe. Basi usitafute rangi ya mwili mzima. Tafuta alama ndogo ambazo hazipotei: rangi ya jicho, rangi ya miguu na ngozi iliyo juu ya mdomo, alama za koo, na idadi ya mistari myeupe mkiani.

Washukiwa wa kawaida

*Mwewe (Milvus aegyptius).* Huyu ndiye wa kila siku, kuanzia Mombasa hadi Kigali. Ni wa hudhurungi mwili mzima, mkia wa panda, na akikomaa mdomo wake ni wa manjano. Wachanga wana mdomo mweusi. Kati ya Oktoba na Machi huja pia ndugu zao kutoka Ulaya na Asia, wenye mdomo mweusi na kichwa cheupe-kijivu, kwa hiyo mdomo peke yake usikuhukumie. Kiota chake utakitambua kwa matambara, karatasi na mifuko anayotandika ndani.

*Mla mijusi mwenye mstari kooni (Kaupifalco monogrammicus).* Ni wa pwani na nyanda za chini, na hupenda nguzo na miembe. Ni wa kijivu, tumbo lina mistari myembamba, miguu na ngozi ya juu ya mdomo ni nyekundu, mkia mweusi una mkanda mweupe mmoja ulio wazi. Jina lake la kitaalamu limebeba siri yake: monogrammicus maana yake ni mwenye mstari mmoja. Ukiuona mstari ule kooni, kazi imekwisha. Hakuna mwingine wa kijivu wa kumchanganya naye.

*Kipanga wa kijivu mwenye jicho jekundu (huitwa badia kwa jina lake la kitaalamu).* Ni mdogo kidogo kuliko njiwa, kifua kina mistari myembamba ya rangi ya kutu, koo halina mstari mweusi. Mkia wake ukikunjwa, juu hauna doa wala mkanda. Naye chakula chake kikubwa ni mijusi. Ukiona kipanga mdogo zaidi yake, mwenye madoa mawili meupe juu ya mkia, huyo ni mwingine, mwindaji wa ndege wadogo.

*Mpekua viota (Polyboroides typus).* Jina la Kiswahili nimempa mwenyewe kwa kazi yake. Ni mkubwa, wa kijivu, mbawa pana zinazopigwa kivivu kama nguo iliyoanikwa, mkia mweusi wenye mkanda mweupe mmoja. Uso wake hauna manyoya: ni ngozi ya manjano inayogeuka nyekundu akihamaki. Miguu yake mirefu hukunjika mbele na nyuma kwenye kifundo, ndivyo anavyoifikisha ndani ya tundu la mti au kiota cha mnana. Mnazi ulioning'iniwa na viota vya mnana ni kama duka lake. Wachanga wao ni wa hudhurungi tupu na huwasumbua watambuzi wengi. Waangalie kichwa, ambacho huonekana kidogo mno kwa mwili ule.

*Kipanga mweusi-mweupe (melanoleucus).* Mgongo mweusi, koo na tumbo jeupe, ubavuni mweusi. Hujenga kwenye miti mirefu, na mikaratusi humfaa sana; kwenye vitongoji vya Nairobi vyenye miti mikubwa, kama Karen na Lang'ata, ni jirani wa kudumu. Chakula chake ni njiwa na tetere, na kuku mchanga humweza. Huyu, ukimkuta bandani, shtaka lina msingi.

*Kipanga wa alfajiri (tachiro).* Anaishi kwenye bustani na misitu ya vitongoji, hasa nyanda za juu. Wengi humsikia miaka mingi bila kumwona. Kabla jua halijakaza huzunguka juu sana akitoa mlio mmoja mkavu, "chip", ananyamaza sekunde mbili tatu, "chip" tena. Ukisikia hivyo wakati unapiga mswaki uani, tazama juu kabisa, utaona nukta inayozunguka.

*Mwenye mkia mwekundu (Buteo augur).* Huyu ni wa vilimani: Arusha, Iringa, Mbeya, Nakuru, Kigali. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia mfupi wa rangi ya tofali. Wengine huwa weusi hata tumboni, lakini mkia unabaki ule ule. Huwinda panya, fuko na nyoka. Mkulima anayemrushia jiwe anamfukuza mlinzi wake asiyelipwa.

*Mweupe wa kiwanjani (Elanus caeruleus).* Kijivu juu, mweupe chini, mabega meusi, macho mekundu. Husimama hewani akipepea. Kama mtaa wako umepakana na shamba au uwanja wa wazi, mtafute jioni.

*Kozi.* Kozi mkubwa, mwenye alama nyeusi chini ya jicho kama sharubu, hukaa juu ya majengo marefu na minara, na anapomshukia njiwa kasi yake huzidi kilomita 300 kwa saa. Wapo pia kozi wadogo wanaopita kwa makundi. Mvua za vuli zikianza na kumbikumbi wakaruka, angalia mbele ya mawingu: mwezi wa Novemba na Desemba hupita kozi waliotoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, wakavuka Bahari ya Hindi, wakielekea kusini mwa Afrika. Kumbikumbi wa mtaani kwako ni posho yao ya njiani.

Weka ushahidi

Kumbukumbu ya macho huchuja haraka. Kabla hujafungua kitabu, andika ulichokiona: saa, mahali, alikuwa amekaa wapi, alikuwa akifanya nini, mkia ulikuwaje, miguu rangi gani. Ukifungua kitabu kwanza, utajikuta umeona kila kilichochorwa humo.

Kwa simu, piga picha nyingi hata zikiwa mbaya. Picha yenye ukungu inayoonyesha mkia wote kwa chini ina faida kuliko picha safi ya kichwa. Rekodi video akiwa anaruka, na rekodi sauti. Programu ya Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, hupendekeza majina kutokana na picha. Yachukue kama ushauri, uyapime kwa alama ulizoandika. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kinagusa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na kina ramani za kila ndege. Ramani hizo zitakuokoa: ndege wa vilimani akitajwa Kigamboni, rudia kutazama. Walioko Kenya wana pia Nature Kenya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909, ambamo wenye uzoefu hutembea na wanaoanza.

Usipande mtini kutazama kiota, wala usikate tawi upate picha nzuri. Jike likikimbia, mayai hupoa, na kunguru yuko pale pale anasubiri.

Na kuku wako je?

Kanuni ya kwanza: kuku aliyepotea usiku, mwewe hahusiki. Ndege hawa huwinda mchana. Usiku tafuta kicheche, fungo au paka wa jirani.

Kwa mchana, vifaranga hatari yao ni zile wiki za kwanza. Wafunike kwa tenga wanapokula, au waachie chini ya kichaka na mti wenye matawi ya chini. Mwewe anataka njia wazi ya kushuka na kupanda. Wavu juu ya banda ndiyo dawa ya kweli. Watu hufunga mikanda ya kaseti au sidii zinazometameta, wengine huwapaka vifaranga rangi ya waridi. Vitu vya kumetameta husaidia kwa siku chache, mpaka mwewe avizoee.

Sumu usiiguse. Panya aliyekula sumu hulegea kabla ya kufa, na mlegevu ndiye anayekamatwa kwanza. Anayemla anaweza kufa pia, na kesho yake panya wanabaki bila adui. Nao mbuai tayari wamepungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za barabarani nchini Kenya na zile za miaka ya 1970: kati ya aina 22 za ndege mbuai, 19 zilikuwa zimepungua. Sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, zinawalinda ndege wa porini hata wanapotua juu ya ukuta wako. Ukimkuta aliyejeruhiwa, mfunike kanga kichwani atulie, mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, kisha wapigie maofisa wa wanyamapori wa eneo lako. Jihadhari na kucha. Mdomo wake hauumizi kama miguu.

Jirani yangu wa Tabata alinunua wavu wiki ile ile. Vifaranga viwili vilivyobaki vikakua, na yule wa mstari kooni bado anakaa kwenye nguzo yake. Kwa hiyo kesho ukisikia mtu akipiga kelele "Mwewe!", toka nje, tazama mkia kwanza, halafu koo. Jiwe liache chini mpaka uwe na jina la kumwita.